Nani Aliyemnyima Nangila Amani

Katika ushirika wa Alhamisi, pale Walukuba mjini Jinja, mtu mwenye jambo zito halifanyi hivihivi. Analileta. Anasimama mbele ya wenzake, analieleza, kisha anatoka kukaa kwenye benchi la nje. Wanaobaki ndani wananyamaza wakimsikiliza Mungu. Baadaye wazee wa ushirika wanasema, mmoja mmoja: nina amani, au sina amani. Akitokea mmoja asiye na amani, jambo linawekwa kando, wala haulizwi kwa nini. Kuna ndoa zimefia kwenye benchi lile.

Nangila alikuwa mmoja wa wazee hao. Mjane, mshonaji wa sare za shule, na mtu asiyeamini kitu mpaka akigeuze ndani nje aone mshono. Walokole wenzake walimjua kwa swali lake. Mtu akisimama kusema Mungu amemwonyesha hiki au kile, yeye humtazama na kuuliza, "Huyo ni Mungu, au ni wewe?" Wengi waliketi palepale.

Alhamisi hiyo aliyesimama alikuwa Nabalayo, binti yake, mkunga. Alisema ameitwa kazini Mbale, katika kliniki ndogo ya uzazi ya mama mmoja Mwislamu aitwaye Hajati Kadija. Alisema ameomba kwa muda mrefu na anaona Mungu anamtaka huko. Wamemshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, lakini bila ushirika kumtuma hatakwenda. Akatoka nje.

Ndugu Sam, mwenyekiti, alisema ana amani. Dada Namwase alisema ana amani. Wengine vilevile. Zamu ikamfikia Nangila.

"Sina amani," alisema.

Namwase aligeuza shingo. "Mama Nabalayo, tumeulizwa Mungu anasema nini. Hatukuulizwa tumbo lako."

"Dada, kwa desturi yetu hatuulizani," Ndugu Sam akamkatiza. Jambo likaahirishwa hadi Alhamisi inayofuata.

Nabalayo hakulia wala hakununa. Jioni, akimenya matoke, alisema kwa upole, "Mama, ukisema huna amani sitakwenda. Nilikwisha kuahidi. Ila niambie nani aliyekunyima."

Nangila hakulipenda swali hilo. Aliona kuna mtu amemfundisha mtoto kuuliza hivyo, na jina la mtu huyo alikuwa nalo. Mara mbili tatu alimsikia Nabalayo akicheka kwenye simu na kusema, "Mwambie Wahab aache mambo yake." Wahab ni nani? Mpwa wa Hajati, alijibiwa, anaendesha pikipiki inayoleta wajawazito. Ndiyo hiyo sasa. Mwito wa Mungu wenye pikipiki. Leo kliniki, kesho nikahi, kesho kutwa mjukuu anaitwa Bruhan na bibi yake anaalikwa Idi.

Jumanne aliaga kwamba anakwenda kutafuta kitambaa, akapanda gari la Mbale. Njia nzima aliomba. "Bwana, nionyeshe," alisema mashamba ya mpunga yalipoanza kupita. "Nionyeshe," alisema tena mlima ulipojitokeza. Hakuwa na shaka kwamba ataonyeshwa.

Kliniki ilikuwa upande wa viwandani, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, nyumba ndefu ya matofali yenye pazia la kijani mlangoni. Nangila alikuwa amejitungia uongo mdogo wa kuingilia: anamtafutia mkwewe mahali pa kujifungulia. Wanawake wawili wenye matumbo makubwa walimsogezea nafasi kwenye benchi, akaketi. Mkono wake, kwa mazoea, ukashika pindo la pazia na kuligeuza.

"Limeshonwa vibaya, najua," ilisema sauti juu yake. "Karibu, mama yake Nabalayo."

Aliyesimama pale alikuwa mwanamke mnene wa makamo, shungi kichwani, glavu mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyumbani kwao, cha vizazi vya askari waliotoka Sudani zamani. Kilimtoka haraka bila kutafutwa.

"Umenijuaje?" Nangila aliuliza.

"Sura umempa yako. Na alisema, mama yangu atakuja, na hatasema kama anakuja." Hajati Kadija alivua glavu. "Haya, umekuja kukagua. Kagua. Chumba chake kile, jiko lile, choo huko nyuma. Usiniachie kitu ukaja kukihangaikia Jinja."

Mwingine angeona haya. Nangila alikagua. Alifungua kabati, akainua godoro, akainama kutazama chini ya kitanda. Alinusa mitungi ya maji. Alisoma majina ya dawa na tarehe zake. Ukutani hapakuwa na kitu ila kalenda ya duka la saruji. Nyuma ya nyumba alimkuta kijana mrefu akiosha pikipiki yenye kitanda cha kuvuta, na pembeni yake msichana anayenyonyesha.

"Wewe ndiye Wahab?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyu?"

"Madinah, mke wangu. Huyo mtoto Nabalayo ndiye aliyemzalisha, alipokuja kwa majaribio. Tangu siku ile ananipigia kelele kila akipiga simu. Eti nilizirai."

"Alizirai kweli," Madinah alisema. "Wakaniacha mimi wakammwagia yeye maji."

Nangila alitaka kucheka akajizuia. Huenda ilikuwa hadithi iliyopangwa. Alimtazama mtoto: masikio ya Wahab, moja kwa moja. Masikio hayapangwi.

Hajati alimpa chai ya tangawizi. "Umeona nini?"

"Bado naangalia."

"Na ukikuta ni safi?"

"Nitaangalia vizuri zaidi."

Hajati alicheka mpaka akashika meza. "Sikiliza, dada yangu. Mimi sitaki binti yako abadili dini. Wanawake wa makanisa huku wananiogopa. Wanakaa nyumbani mpaka mambo yaharibike, ndipo Wahab anatumwa kuwafuata. Wakimwona wa kwao hapa, watakuja mapema. Basi. Lingine sina. Jumapili aende zake kuabudu, mimi nitakaa na wagonjwa."

Nangila alirudi Jinja bila kitambaa. Kwenye gari alianza tena, "Bwana, nionyeshe," akakwama. Amwonyeshe nini? Amekwisha kuonyeshwa. Alikumbuka maneno ya asubuhi, na kwa mara ya kwanza akayasikiliza kama angeyasikiliza ya mtu mwingine. Hakuwa ameomba aonyeshwe Mungu anataka nini. Aliomba aonyeshwe kosa. Alimtuma Mungu kama mtu anayetuma mpelelezi, na alikuwa ameshamwandalia ripoti.

Hasira ilimpanda. Alijaribu kutafuta tundu jingine: dawa hazikuwa nyingi, barabara ina vumbi, Hajati anacheka sana. Kila tundu alilolishika lilizibika. Siku zote hizo alikuwa akipiga magoti alfajiri na kusema, ulitakalo Wewe, Bwana, kisha anainuka na kukaa mlangoni na ufunguo mkononi. Huyo ni Mungu, au ni wewe? Wangapi amewauliza, na sauti yake ilikuwa tamu namna gani akiwauliza.

Alhamisi Nabalayo alileta jambo lake upya, kwa maneno machache, akatoka. Chumba kikanyamaza. Ndugu Sam, amani. Namwase, amani, na jicho kali. Zamu ikafika.

"Sina amani," Nangila alisema.

Mtu mmoja akaguna. Ndugu Sam akashusha pumzi, akaanza kusimama ili amwite binti aambiwe.

"Kaa, ndugu yangu. Sijamaliza."

"Mama Nabalayo, desturi yetu—"

"Naijua desturi, nimeitumia kuliko ninyi nyote. Sina amani kwa sababu huyo ndiye wa mwisho nyumbani. Akienda nitapika chungu kidogo na kula peke yangu. Hilo ndilo lililonikosesha amani, wala si Mungu. Yeye hajanikataza kitu. Nimemngoja akataze, nikaenda mpaka Mbale kumtafutia sababu, hakuitaka." Alivuta leso, akaikunja, hakuitumia. "Basi andikeni kwamba sina amani, na msichana aende."

Desturi haikuwa na mahali pa jibu kama hilo.

Namwase ndiye aliyesema, macho ameyabana. "Umegundua nini huko Mbale? Usitufiche. Kuna jambo."

"Sikugundua kitu."

"Wewe? Ukose kitu?"

"Nilikosa. Nenda nawe ukatazame, pazia lao tu ndilo bovu."

"Naona unamruhusu leo ili kesho umrudishe."

"Nimelifikiria hilo," Nangila alisema. "Kwa hiyo ninasema mbele yenu. Nikianza kuumwa-umwa mwezi ujao, msimwite. Nipelekeni hospitali."

Hapo hata Ndugu Sam alicheka. Kisha akatoka mwenyewe mlangoni kumwita.

Nabalayo aliingia akitafuta habari kwenye nyuso zao. Ndugu Sam alimweleza. Hakuelewa, akaelezwa tena, ndipo akamwendea mama yake na kutaka kupiga magoti kumshukuru.

"Usinishukuru," Nangila alisema. "Bado nimekasirika."

"Na mimi, mama?"

"Si wewe. Na Yeye. Tutazungumza, mimi na Yeye, nyumba itakuwa na nafasi ya kutosha." Alimshika kiwiko akamwinua. "Twende. Ile sare yako nyeupe imefumuka begani, na kesho sina muda."