Mpangaji wa Mtani

Siku wapima viwanja walipofika Nzuguni, Emiliana, hana hili wala lile, alikuwa akipepeta uwele mlangoni mwa nyumba alimozaliwa. Kijana wa fomu alipouliza mwenye eneo ni nani, jirani yake Cornel alidakia.

"Ni mimi. Huyu Mgogo ni mpangaji wangu, na kodi halipi."

Cornel ni Mhehe, na Mhehe kwa Mgogo ni mtani. Miaka ishirini na minane walikuwa wakichambana hivyo, hata msibani, na anayekasirikia utani hana adabu. Emiliana akajibu inavyopasa, kwamba ni kweli, anaishi kwa huruma za baba mwenye nyumba. Wakacheka wote wawili. Kijana hakucheka, alikuwa mgeni wa huko mbali, na nyumba arobaini zilimsubiri kabla jua halijawa kali. Akaandika alichoambiwa.

Orodha ilipobandikwa ofisi ya mtaa, eneo la Emiliana lilikuwa na jina la Cornel.

Mwanzoni Emiliana aliona ni kichekesho. Cornel naye alicheka mpaka akashika mbavu, akaahidi kwenda Jumatatu kurekebisha, maana ofisini walitaka aliyeandikwa akanushe mwenyewe kwa saini yake. Jumatatu akapata mgeni. Jumatatu iliyofuata, mgongo ukamuuma. Wakati huohuo barabara ya lami ikachongwa, magari ya watu wa mjini yakaanza kupunguza mwendo pale mbele, na wenye viatu safi wakawa wanashuka kumuuliza Emiliana mwenye eneo anapatikana wapi.

Akakosa pa kutulia. Alifagia uwanja mara tatu kwa siku, akapanga kuni, akazipangua. Aliogopa, na aliona haya kumwogopa mtu aliyeshika jembe kumchimbia mama yake kaburi.

Ijumaa asubuhi akavuka uzio. Akabisha hodi kwa matusi yao ya siku zote, kwamba Mhehe afunike sufuria yake ya nyama ya mbwa, Mgogo kaja kuomba.

Cornel alitoka amechomekea shati. Hakumtazama usoni.

"Karibu, mama," alisema. "Keti kwanza. Wanangu wanasema tulizungumze kwa utaratibu."

Tangu wajuane hakuwahi kumwita mama. Emiliana hakuketi. Alisimama palepale mlangoni, akimwomba Mungu mtu yule amtukane, walau neno moja.