Masomo ya Baba Nyuma ya Ukuta

Baba yangu, mzee Matonya, alifariki asubuhi moja tukiwa tunapura mtama, mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma. Aliweka chini fimbo ya kupuria, akasema anakwenda kupumzika kivulini kidogo. Hakufika kivulini. Kabla jua halijazama tulikuwa tumemzika nyumbani, pembeni mwa zizi, kama walivyozikwa baba yake na babu yake.

Hakutaka kulala hapo. Alitaka kuzikwa kwenye makaburi ya misioni, karibu na mama yangu.

Mama alibatizwa akapewa jina la Ruthu. Alijifunza kusoma pamoja na wanawake wengine, wakikutana kwa mwalimu baada ya kutoka shambani. Siku hizo baba alikuwa akimtania. Akimkuta anapeta uwele na midomo inamchezacheza kwa kurudia somo, humwambia, "Mwanafunzi, angalia usichanganye uwele na makapi ya Wazungu." Mama anacheka, anaendelea. Homa ilipomchukua, misioni walimzika kwenye makaburi yao, na baba akaambiwa kwamba makaburi yale ni ya waliobatizwa tu. Akauliza mtu mzima anabatizwaje. Wakamjibu kwamba lazima kwanza asome ukurasa mzima wa Injili mbele ya padri.

Tangu hapo hakutania tena. Alianza kutafuta mtu wa kumfundisha.

Darasani hakutaka kwenda. Asubuhi ni wakati wa kutoa ng'ombe, na hata asingekuwa na ng'ombe asingekwenda. "Nikae chini na watoto niliowaona wakizaliwa?" alisema. "Nikikosea, kesho wananiimba machungani." Mimi sikuweza kumsaidia. Nilikuwa kibarua wa reli upande wa Ihumwa, nikirudi nyumbani Jumapili, na wakati huo sikujua hata herufi moja.

Aliyejua ni mke wangu, Zipora. Wazazi wake walikufa kwa njaa akiwa mdogo, misioni wakamlea, akasoma. Lakini Zipora alikuwa mkwe wa baba. Kwetu mkwe wa kike na baba wa mumewe hawaketi pamoja. Hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawali wakionana. Akisikia kikohozi cha baba, Zipora huinama na kupita njia nyingine. Ni heshima, na Zipora aliishika kuliko wengi waliozaliwa pale kijijini, kwa sababu alijua wanamsema kuwa ni binti wa misioni.

Kwa hiyo walisomea ukutani. Tembe letu lilikuwa na ukuta wa fito na udongo kati ya chumba cha baba na jiko la Zipora, na chini ya ukuta huo palikuwa na upenyo wa kupitishia kaa la moto. Zipora aliandika herufi kwa mkaa kwenye kipande cha ubao wa sanduku, akakisukuma kwenye upenyo, akainua sauti.

"Baba, hiyo ni A."

"A."

"Imeketije?"

"Kama pembe za ng'ombe," baba alijibu. "Ng'ombe aliyefungwa kamba kati ya pembe."

Zipora alinisimulia kwamba jibu lile lilimshangaza kidogo. Kwake A ilifanana na paa la nyumba ya misioni. Akadhani mchungaji huona ng'ombe kila mahali, akasukuma herufi nyingine.

Walipomaliza herufi, akampa kitabu kwa njia ile ile, kimefunguliwa, na kijiti cha ufagio kimewekwa pale pa kuanzia. Baba alisoma kwa sauti, Zipora akisikiliza huku anasonga ugali. Akikosea, alisikia mwiko unagonga chungu. Nilipokuwa nyumbani nilimwona ameinamia kitabu, kidole kinatambaa, na moyo wangu ulifurahi. Kwangu kitabu kilikuwa sawa kila upande.

Mtu mmoja tu aliyejua kusoma alimwona akiwa kazini. Huyo ni Athuman, mfanyabiashara Mrangi wa Kondoa aliyelala kwetu kila alipopita na chumvi na majembe. Alisimama nyuma ya baba, akatazama kidole kikienda.

"Mzee Matonya, kumbe na hao padri wako wanaandika kutoka kulia?"

"Kwani ninyi mnaandikaje?"

"Hivyo hivyo, kutoka kulia. Lakini sisi tunaanza juu, tunashuka. Wewe unaanza chini, unapanda."

"Ninyi Warangi mna milima, mmechoka kupanda," baba alisema. "Sisi wa tambarare tunapanda kwenye kitabu."

Athuman alicheka, akaenda kufungua mizigo yake. Alijua Kurani tangu utotoni, na kwake maandishi kutoka kulia yalikuwa ndiyo maandishi.

Siku ya kupimwa, kabla ya mvua, nilipata ruhusa nikamsindikiza. Watu walijaa kanisani. Mwalimu Silvano, aliyekuwa akiwaita wanaopimwa, alimpa baba Injili. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza juu chini.

"Mzee, umekigeuza kitabu," Silvano alisema, akakirudisha.

Baba akakigeuza tena. "Wewe ndiye unayekigeuza, mwalimu. Niachie nisome."

Watu wakaanza kucheka. Baba hakuwatazama. Aliweka kidole chini kabisa, upande wa kulia, akasoma. Alisoma polepole, bila kuruka neno, mpaka akafika juu. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Amekariri," Silvano alimwambia padri. "Wazee wana kumbukumbu."

Padri akafungua mahali pengine, ukurasa ambao baba hakuwahi kuuona. Baba akaugeuza, akausoma nao. Alikwama kwenye majina mawili ya miji, akayavuka. Padri alikichukua kitabu, akakifunga. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kigumu, "Kusoma, anasoma. Lakini si hivi. Arudi baada ya mavuno, asome kama watu wote."

Tulirudi nyumbani, baba akiwa mbele. Tulipofika, Zipora alikuwa amekwisha kupata habari, maana wasichana walitutangulia mbio. Alikuwa jikoni, analia nyuma ya ukuta.

"Baba, kosa ni langu. Sikufikiri kwamba wewe umekaa ng'ambo, na kila nilichosukuma kinakufikia kichwa chini."

"Kosa si lako wala langu," baba alijibu. "Ukuta ndio uliogeuza. Pika tule."

Kesho yake alishika kitabu kama walivyotaka. Ukiacha herufi kama O, hakutambua hata moja. Alisema ni kama kurudi safari akakuta jamaa zake wote wanatembea kwa mikono. Zipora alijaribu kumwelekeza kwa maneno, lakini kila baba alipochoka mikono yake yenyewe ilikigeuza kitabu.

Hapo Zipora akanituma nimwambie baba kwamba yuko tayari kuketi ubavuni mwake. Kwetu njia ipo. Anachinjwa mbuzi mbele ya wazee, baba na mkwe wanakula nyama yake pamoja, na kuanzia siku hiyo wanaweza kukaa mahali pamoja bila aibu. Nilidhani baba atakataa. Alikubali mara moja.

"Lakini wazee hawaji kwa mbuzi mkavu," alisema. "Watataka pombe, na mtama wa pombe bado uko shambani. Tungoje mavuno."

Padri naye alikuwa amesema baada ya mavuno. Tukaona yanakwenda pamoja vizuri. Baba akamchagua beberu mwekundu, akamtenga, na miezi ile yote ya kulima na kupalilia alikaa upande wake wa ukuta akijilazimisha na kitabu. Alipofariki alikuwa ametambua herufi chache. Beberu tulimchinja kwa ajili ya waombolezaji.

Siku ile nilikimbia misioni kuomba kaburi. Padri alikuwa safarini. Silvano alinisikiliza amesimama mlangoni.

"Pole sana, ndugu yangu. Alisoma, nilimsikia kwa masikio yangu," alisema. "Lakini hakubatizwa, na mimi sina uwezo wa kumfungulia makaburi."

Nikarudi kuchimba pembeni mwa zizi.

Mimi nilijifunza kusoma mwaka uliofuata, nimeketi ubavuni mwa Zipora, kitabu kimoja kati yetu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na haikuwa kazi ngumu. Mara nyingi nilisimama katikati ya mstari nikiutazama ule upenyo chini ya ukuta, naye Zipora akangoja.

Huwa tunakwenda kupalilia kaburi la mama. Upande wa kushoto wake pana njia. Upande wa kulia, mahali ambapo baba alikuwa akisimama alipokuja kumwona mama, wamemzika Bartolomayo, seremala aliyekuja na reli, na safu hiyo sasa imejaa.