Aliyeandika Pembeni ya Dodoso

Yasmini, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja mjini Kigoma, aligawa madodoso sitini kwa wenzake, kisha akayakusanya na kuyabeba hadi nyumbani kwao Ujiji kuyasoma. Hayakuwa na majina.

Swali la saba liliuliza: mtu mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri, hadi virusi havionekani kwenye kipimo, anaweza kumwambukiza mwenza wake? Hamsini na wanne walijibu sawasawa: hawezi. Swali la nane: ungekubali kufunga ndoa naye? Arobaini na wanane walisema hapana.

Alihesabu upya. Hawa wanajua, sasa nini kinawazuia?

Dodoso moja lilimshangaza zaidi. Pembeni ya swali la nane mtu aliandika kwa wino wa kijani: "Niliolewa naye. Huu mwaka wa sita."

Kesho yake darasani Yasmini alijikuta akichungulia kalamu za watu. Alipokumbuka kwamba aliwaahidi siri, aliona aibu, akainamia daftari lake.

Ijumaa, Regina, mwanafunzi mwenzake, alimwomba amsindikize hadi mwalo wa Kibirizi kupanda boti. Regina alikuwa mwalimu wa kijiji cha Mwamgongo aliyerudi kusoma, mkubwa kwa Yasmini kwa miaka kumi.

"Ulikuwa unakagua kalamu," Regina alisema walipoketi kusubiri boti.

"Nisamehe, dada. Sikupaswa kukutafuta."

"Nimekuja mwenyewe. Elia, mume wangu, amesema nikueleze. Haya, uliza."

Yasmini aliuliza: "Hukuogopa?"

"Niliogopa sana! Tulikwenda wote kliniki, nikamuuliza nesi maswali mpaka akachoka. Tukasubiri vipimo viwili vya Elia. Vyote vilikuwa safi, virusi havionekani. Ndipo nikakubali posa."

"Na watoto?"

"Wawili. Wamepimwa, hawana. Mimi pia sina."

"Huwa mnakula sahani moja?"

Regina alicheka mpaka abiria wakageuka. "Mtafiti mzima! Hilo hata mwanafunzi wangu wa darasa la tano analijua."

Yasmini naye akacheka. "Dada, kabla sijagawa madodoso nilijaza moja kwa majaribio. Swali la nane nilijibu hapana."

"Na leo?"

"Sijui."

"Basi hilo nalo ni jibu. Mbona hukuliwekea nafasi kwenye dodoso?"

Abiria wa boti waliitwa. Regina alikunja kitenge chake, akaingia majini hadi magotini, akapanda.

Jumatatu Yasmini alikwenda kwa Mwalimu Castory, msimamizi wake, akaomba ruhusa ya kuongeza mahojiano. Alitaka kuuliza jambo moja tu: unaogopa nini hasa? Alibandika tangazo, akadhani hatakuja mtu.

Walikuja kumi na mmoja. Wa kwanza, kijana wa Kalinzi, alisema ana dakika tano tu. Aliongea saa nzima.