Mgongo wa Mfarishi Mweupe

Shangazi Lorvetta alikwisha kusema: Ozella akiutazama mfarishi, lile blanketi la pamba ambalo Shangazi amelishona kwa mkono, akanyamaza, basi Jumatatu Shangazi ataifungua fremu ya kushonea na kuigawa. Baridi yabisi ilimkamata vidole tangu theluji ya Januari, na mkono wake hakuuamini tena. Sifa zetu sisi jamaa zake ndizo hakuziamini kabisa. "Nyinyi mngesifu hata gunia," alituambia.

Ozella, shoga yake wa kushona tangu usichana, alikuwa ameuona kwenye picha ya simu tu. Mfarishi wenyewe ulikuwa mweupe mbele na nyuma, bila kiraka hata kimoja. Manyoya ya ndege na mizabibu, yote yalichorwa kwa mishono ya uzi mweupe, uliopenya kitambaa cha juu, pamba ya kati na kitambaa cha chini. Pichani hapakuonekana kitu. "Lorvetta," Ozella alimjibu, "mbona umenitumia shuka la hospitali?"

Jumamosi ya maonyesho ya mifarishi ukumbi wa kanisa letu ulijaa. Watu walitoka kila pembe ya Alabama. Mimi nilikuwa mhudumu, nimevaa glavu nyeupe, kwa kuwa mgeni hagusi mfarishi. Akitaka kuona nyuma, mwenye glavu humfunulia pembe. Mifarishi ya viraka vyekundu na vya manjano ilivuta watu kwanza. Ule mweupe ulikuwa karibu na dirisha, na jua lilipoupiga kwa ubavu, manyoya yakainuka, kila moja na kivuli chake. Watu waliokwisha kupita wakarudi, wakainama.

"Mama wee! Huu ndio ule wa kwenye picha?" mmoja akauliza.

Shangazi hakusogea huko. Alikaa kwenye meza ya chakula, akikata pai za pekani ambazo zilikwisha kukatwa.

Ozella akaingia na kofia yake ya zambarau.

"Liko wapi hilo shuka?"

"Umechelewa. Inayouma ni miguu au roho?"

"Roho haina neno. Nipishe."

Akasimama mbele ya mfarishi. Akasogeza pua hadi nikanyoosha mkono kumzuia. Hakusema kitu. Shangazi akaacha kisu, akaja nyuma yetu, mikono kaificha ndani ya aproni.

"Mwanangu, hebu nifunulie pembe," Ozella akaniambia.

Nikamfunulia. Akatazama nyuma, akatazama mbele, akarudia nyuma. Halafu akaangua kicheko.

"Nani kautundika huu?"

"Shemasi Thurlow."

"Ndiyo maana! Tazama ukingo. Utepe humaliziwa kwa mkono upande wa nyuma, na huu umemaliziwa upande huu tunaouona. Kautundika kinyume! Tangu asubuhi mnasifu mgongo!"

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa Shangazi. "Ushusheni," alisema taratibu.

"Usiuguse!" Ozella alinigeukia, kisha akamgeukia yeye. "Nisikilize, Lorvetta. Mbele kila mtu anashona vizuri, si anaona? Nyuma ndiko sindano inakokosea. Mgongo wa mifarishi yangu sijamwonyesha mtu, hata marehemu mume wangu. Wewe, na hivyo vidole vilivyopinda, umenifanya nishindwe kujua nyuma ni wapi mpaka nilipoona ukingo. Mimi, Ozella!"

Shangazi akaitoa mikono, akaitazama huku na huku kana kwamba ameiazima.

"Pembeni kule chini mishono ni mikubwa," akasema.

"Mikubwa, ndiyo. Nimeiona."

"Siku ile nilishona nikilia."

"Na simu ulikuwa nayo, ya kunitumia mashuka. Ungeniita." Ozella akavua kofia, akajipepea. "Fremu umeshaifungua?"

"Bado. Ipo sebuleni."

"Iache. Jumatatu nakuja na mfarishi wa mjukuu wangu, tuushone pamoja. Nataka na mimi mgongo wangu utazamwe na watu."

Shangazi akachukua kipande kikubwa cha pai, akamwekea kwenye sahani.

"Njoo na kastabini yako ya kidoleni," akasema. "Yangu simwazimi mtu."