Sekunde Tano za Esnath

"Mama Esnath, usichimbe kweli! Igiza tu!"

Esnath alisimamisha jembe hewani. Kulima alikujua; kuigiza kulima, hata hakujua jembe linaangukia wapi. Akalishusha palepale kwenye tuta. Viazi sita vikatoka, vyekundu kama vimetoka kuoshwa.

Silvester, mpiga picha, alishika kichwa.

"Mwache mama!" alidakia mzee Jailos, mwenye shamba. "Ndaga fijo, mama, asante sana. Endelea mpaka kule mwisho."

Jailos hakuwa na hela ya kuchangia video, akachangia shamba lake hapo Uyole kwa siku moja. Sasa wachangiaji wenzake walikuwa wanamvunia bure. Alishaleta magunia.

Video ilikuwa ya Ambokile, mwimbaji wa injili. Hakuwa na mfadhili, basi aliwaomba wapenzi wa nyimbo zake wailipie wenyewe: anayetuma elfu ishirini, sura yake inaonekana sekunde tano. Esnath, mjane anayeishi kwa vibarua vya shamba, alituma siku ileile, halafu akafunga na kuomba. Umaarufu hakuutaka. Ila dada yake Evarista, kule Iringa, alikuwa anawatangazia watu kanisani kwamba tangu afiwe na mume, Esnath amekwisha, amebaki kivuli, mwombeeni. Mwaka wa pili huu anaombewa na watu asiowajua, nao alitaka wamwone.

"Haya, zamu yako, mama. Inua uso. Tabasamu."

Tabasamu hilo alilifanyia mazoezi wiki nzima kwenye kioo. Mbele ya kamera likakakamaa kama la picha ya kitambulisho.

"Mama, fikiria unamwona mtu."

"Namwona dada yangu."

"Basi mfikirie mwingine!"

Tekla, mchangiaji mwingine, fundi cherehani wa Mbalizi, alikuwa amekuja shambani na viatu virefu. Akainua jembe kwa madaha, kisigino kikazama, akakaa kitako juu ya viazi.

"Wee Tekla!" Esnath alipasuka. "Unaatamia?"

Akacheka mpaka akaegemea mpini. Alipofuta machozi, Silvester alikuwa bado hajashusha kamera.

"Njoo uone, mama. Sekunde ni tano tu. Nitumie ile ya kitambulisho, au hii?"

Esnath alijifuta mikono kwenye kanga, akatazama. Kilemba kimeangukia sikioni. Udongo mpaka viwiko. Mdomo wazi.

"Pengo linaonekana."

"Linaonekana."

"Na kanisa zima Iringa wataliona."

"Wakiangalia, wataliona."

Esnath akakirudisha kilemba chake mahali pake.

"Weka hii," alisema. "Lakini kwanza rudisha mwanzo."

Silvester akarudisha. Esnath akakinga jua kwa kiganja, akainamia kile kioo kidogo cha kamera, akimtazama yule mwanamke anavyocheka bila sauti.

"Tena."

Mara ya tatu, mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.