Skrubu ya Mashine ya Kukatia

Fundi alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa kazi. Kwa miaka kumi na tisa amejalidi vitabu katika chumba cha chini cha maktaba, na mgongo ulishazoea. Kilichomchosha kilikuwa nyumbani, kimelala kwenye kochi la sebuleni: shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefukuzwa kazi miezi minne iliyopita.

Kazi hiyo fundi ndiye aliyemtafutia, palepale maktaba. Asubuhi moja shemeji aliweka daftari kubwa la kumbukumbu kwenye mashine ya kukatia karatasi, akashusha kisu, kumbe kizuizi cha nyuma kimelegea. Daftari likateleza, kisu kikala maandishi ya kurasa mia tatu. Shemeji aliapa kwamba jioni iliyotangulia aliikaza skrubu ya kizuizi kwa mkono wake. Mkuu wa maktaba hakutaka kusikia. Baada ya wiki mbili, hata shemeji mwenyewe akaanza kujitilia shaka.

Na aliikaza kweli. Fundi ndiye aliyewahi kazini alfajiri ile akailegeza, akate karatasi za kufunikia madaftari ya binti yake, jambo lililokatazwa, kisha akasahau kuikaza tena. Balaa lilipomwangukia mwenzake, akajitia hamnazo. Nitasema kesho, alijiambia. Kesho hizo zikafika miezi minne. Mtu mzima na ndevu zake, anaogopa skrubu.

Wiki hiyo mkutubi, mama asiyependa maneno mengi, alimletea riwaya nene ya zamani, jalada limechanika na uzi umeoza. Kitabu hakishonwi upya kabla fundi hajapitia kurasa zote, asije akashona na pengo la ukurasa uliopotea. Fundi huangalia namba tu. Safari hii macho yakanasa kwenye maneno: mpima ardhi amemuua mwenzake, hakuna anayemshuku, na usingizi umemkimbia.

"Mama, hiki kina utamu gani?" alimuuliza mkutubi. "Ukurasa wa arobaini tu nishamjua muuaji. Hizo nyingine mia nne za nini?"

"Za kukaa naye," alisema mkutubi. "Kumtafuta ni kazi ya polisi. Wewe unakaa naye chumba kimoja mpaka umwelewe, hata kama hutaki. Ndiyo maana kimechakaa hivyo, watu hawakiachi."

Fundi akarudi kwenye gundi yake.

Jumamosi mchana aliibeba kazi nyumbani. Alikuwa akishona mafungu ya kurasa mezani, na shemeji, kwa kukosa la kufanya, akawa anasoma kila fungu kabla ya kumpa. Wakaenda hivyo saa nzima, mmoja akisoma, mwingine akivuta uzi. Kisha shemeji akabaki na fungu mkononi.

"Huyu bwana namwonea wivu," alisema.

"Muuaji?"

"Si anajua alichofanya? Mimi kila nikilala naiona ile skrubu, na sijui niliikaza au nadhani tu niliikaza. Nilikuaibisha, shemeji. Ulinidhamini, nikakuaibisha. Nisamehe."

Sindano ikasimama. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Angeweza kusema yameshapita, kama alivyosema mara nyingi, na angekunywa chai yake. Lakini alikuwa amechoka.

"Uliikaza," alisema. "Mimi ndiye niliyeilegeza asubuhi. Nilikata karatasi za mtoto, nikasahau. Nikanyamaza."

Akaweka sindano mezani, akangoja kofi au tusi. Shemeji alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo niliikaza," alisema.

"Uliikaza."

"Niliikaza," alirudia. Alifunika uso kwa viganja. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa mekundu, na hayakuwa na urafiki.

"Jumatatu utamwambia mkuu," alisema. "Sasa hivi mwite dada, aje asikie."

Fundi akanyanyuka, akaenda jikoni kumwita mkewe.