Bani la Maua ya Bia

Mabani matano, yale majumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, shamba lote la kando ya mto, na trekta lililokohoa kuliko mume wangu. Vyote tulimuuzia daktari wa meno kutoka Melbourne aliyetaka kulima zabibu. Kampuni zilikuwa zimeacha kununua tumbaku ya bonde letu la Ovens, na msimu wa mwaka 2006 ukawa wa mwisho. Asije mtu kuniambia tumbaku ni sumu. Najua. Baba yangu alikuja Australia kutoka Veneto na sanduku moja la mbao, na sumu hiyo ndiyo iliyotusomesha.

Tukapanga nyumba ndogo mjini Myrtleford. Mgongo wa Egidio, mume wangu, ulikuwa umekwisha kwa kuinama shambani, kwa hiyo wa kutafuta kazi nilikuwa mimi, Nives, mwenye miaka hamsini na minne. Mwanetu Adriano alishatutengea chumba cha nyuma kwake Melbourne. Tukakubaliana hivi: nisipopata kazi ya kudumu hadi Pasaka, tunahama. Jogoo la shamba haliwiki mjini, nilimwambia Egidio. Yeye akajibu kwamba jogoo mwenyewe kazeeka, kisha akaanza kupanga vitu kwenye maboksi, mwezi mzima kabla. Cha kwanza kufungwa kilikuwa sufuria la shaba la mama yangu, lile la kusongea polenta, ugali wetu wa mahindi. Nilikasirika hata sikula.

Pale ofisi ya ajira nilipewa msichana mpole mwenye kucha za buluu.

"Una uzoefu gani, mama?"

"Kukausha tumbaku. Miaka thelathini na mmoja."

"Sawa. Na kitu kingine?"

"Kingine nilikuwa nalala."

Akacheka, lakini kwenye fomu yake hapakuwa na mahali pa kuandika bani. Akaandika kwamba ninafaa kwa usafi. Usafi si aibu, na nyumba yangu naisafisha vizuri sana, ila nilitoka pale nimeuma meno. Kukesha na moto siku sita, ukijua kwa pua tu lini uuongeze na lini uupunguze, na mwisho wake mtu akupe ufagio!

Sikungoja waniite. Juu ya bonde kuna shamba la maua ya bia, yale mabichi yenye harufu kali yanayoipa bia uchungu wake. Nayo hukaushwa kwa moto, kwenye bani, tena mwezi Machi kama tumbaku yetu. Nikaendesha gari hadi huko, nikamkuta msimamizi, Lachlan, kijana wa miaka thelathini na kitu, kashika kipimo cha unyevu chenye kioo.

"Mama, hapa kazi inafanywa na mashine," alisema.

"Mimi sikuja kuiposa mashine yako. Nimekuja kukausha."

Nikachukua ua moja kutoka kwenye lundo lao, nikalipeleka sikioni, nikakivunja kijiti chake cha katikati. Kilipinda bila kulia. Uti wa jani la tumbaku huwa hivyohivyo.

"Hili bado," nikasema.

Akalipima. Lilikuwa bado. Nikachukua la lundo la pili, likalia *tak*.

"Hili tayari."

Akapima tena, akanitazama kama mtu aliyeibiwa mfukoni. "Bahati tu," akasema. Lakini akanipa wiki moja ya majaribio. Nikifaulu, kazi ni yangu mwaka mzima, mavuno na matengenezo ya mabani pia.

Siku tatu za kwanza nilikuwa kama niko nyumbani. Siku ya nne nikaharibu.

Niliingia saa kumi na moja alfajiri. Moto ulikuwa umezimwa, maua yamelala makavu juu ya wavu wake, na bani limetulia. Kwetu, tumbaku ikishakauka hivyo huwezi kuigusa, itavunjika vipandevipande. Kwa hiyo alfajiri unafungua matundu ya chini, unamwaga maji sakafuni penye joto, na mvuke unapanda kuyalainisha majani. Mama yangu alifanya hivyo. Mimi nimefanya hivyo alfajiri ngapi, sijui. Basi nikachukua ndoo, nikamwaga upande wa nyuma. Nikachukua ya pili, nikamwaga. Ya tatu ilikuwa mkononi nilipoganda. Maua ya bia hayalainishwi! Yakishindiliwa kwenye marobota yakiwa na unyevu, yanapata moto ndani kwa ndani na kuoza. Mazoea yana taabu jamani.

Nikafunga matundu mbio, lakini mvuke ulishapanda.

Lachlan akaja na kipimo chake. Akapima mlangoni, kama kawaida yake. "Safi kabisa," akasema. "Haya, tushindilie."

Nikapitisha mkono chini ya maua ya nyuma. Yalikuwa laini kama sikio la mtoto. Kijiti kikapinda kimya. Hakuna aliyeniona. Sakafu ilishakauka. Niliiona Pasaka, nikaona na chumba cha nyuma cha Adriano, dirisha lake linalotazama ukuta wa jirani. Sitaki kudanganya, nilinyamaza kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Mashine ya kushindilia ikawashwa.

"Zima!" nikapiga kelele. "Lachlan, zima hiyo! Nimemwaga maji."

"Umemwaga nini?"

"Maji. Ndoo mbili, kule nyuma. Nilidhani ni tumbaku."

Uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni. "Mama, umerogwa? Maji kwenye bani!" Akaenda nyuma, akapima, akatukana. Kisha akasimama. "Kipimo kilishayapitisha. Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu wewe unapima mlangoni tu."

"Nenda nyumbani."

"Nitakwenda yakikauka."

"Nimesema nenda. Mashine itayakausha."

"Mashine yako ndiyo iliyosema ni safi kabisa. Tena ukiwasha moto wote, ya mbele yataungua kabla ya nyuma kukauka. Nani atakuonyesha, mimi au kioo?"

Nikavua koti, nikalitundika msumarini. Nikawasha moto mdogo wa nyuma peke yake, nikafunga matundu ya mbele, nikashika reki na kuyageuza maua kidogokidogo. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akinitazama, mikono kifuani. Magoti yaliniuma, nami nilimkasirikia yeye, na maji, na daktari wa meno, na zaidi ya wote nilijikasirikia mwenyewe. Sikukaa hata mara moja.

Saa tatu zilipopita nikachota ua kwenye kona ya nyuma, nikamfuata pale alipokaa. Nikalisogeza karibu na sikio lake, nikakivunja kijiti.

*Tak.*

Akachukua jingine, akalivunja mwenyewe, kichwa kimeinama. Kisha la tatu, la nne. Kipimo kilikuwa mfukoni na hakukitoa.

"Kesho saa kumi na moja," akasema mwishowe. "Ndoo nitazificha mimi."

"Kesho tu?"

"Mpaka uchoke, mama. Ila hicho cha kusikiliza utanifundisha."

Nilirudi nyumbani nikinuka uchungu wa bia nywele nzima. Egidio alikuwa sebuleni na utepe wa gundi, akiziba maboksi.

"Sufuria la polenta liko boksi gani?" nikamuuliza.

"La chini kabisa. Ya nini saa hizi?"

"Litoe."